Fenesi la Shangazi

BARUA

Bi Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, nina miaka 34, na mwaka huu natimiza miaka tisa Göteborg, Uswidi. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nina mume na binti wa miaka mitano. Nakuandikia kuhusu fenesi, na tafadhali usicheke, maana limenikosanisha na shangazi yangu.

Niliondoka Muheza sijui chakula cha kunidhuru. Mwaka wa nne huku nikaanza kupiga chafya kila inapofika mwisho wa Aprili, machozi yananitoka kama nimemenya gunia zima la vitunguu. Nikasema ni mafua ya baridi, ingawa baridi yenyewe ilikuwa inaondoka. Mwaka juzi yakaja ya matufaha. Kazini kwetu huwekwa bakuli la matufaha mezani, kila mtu anajichukulia. Nikila nusu tu, kaakaa linawasha, ulimi unawasha, na masikio yanawasha kwa ndani, kule kidole kisikofika. Baada ya robo saa kimya, kama hakukuwa na kitu. Ajabu ni kwamba jirani yangu akioka keki ya matufaha nakula vipande viwili na sipati lolote. Siku hizi karoti mbichi nayo inanifanyia hivyo hivyo. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni dawa wanazopuliziwa matunda ya dukani.

Desemba tukaenda nyumbani. Shangazi, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea nilipokuwa nasoma. Tangu aliposikia tumekata tiketi alilivika gunia fenesi moja likiwa mtini, ndege na watoto wasiliguse. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, nami nilikuwa nimefunga. Magharibi nikafungua kwa tende moja na maji, Shangazi akapaka kisu na viganja mafuta ya nazi, akalipasua ukumbini mbele ya watu wote. Harufu ile, Bi Mkubwa, miaka mitatu sijaisikia! Nikala ya kwanza, ya pili, sikuhesabu tena. Nilipofika kama ya saba kinywa kikaanza kuwasha vilevile kama kwa matufaha, ila safari hii midomo ikavimba, na kooni nikahisi kama nimemeza unywele. Nikaitema iliyokuwa mdomoni, nikauliza, "Shangazi, hili mmelitia dawa?"

Watu wakanyamaza. Baada ya nusu saa uvimbe ulikuwa umeanza kushuka. Kijana wa duka la dawa akanipa Piriton, nikalala mpaka asubuhi jua limepanda.

Tangu hapo kila mtu ana lake. Mama mdogo anasema ni jicho, nimekula mbele za watu. Mjomba anasema kinywa changu kimeshakuwa cha Kizungu. Mume wangu anasema ni uchovu wa safari. Dada yangu anasema nile kidogo kidogo kila siku, mwili utazoea. Shangazi hasemi kitu. Nikipiga simu anampa mtu mwingine aongee, na nimesikia amesema, "Vya kwetu havimpandi tena."

Hii ni kitu gani? Embe na papai navyo vitanigeuka? Binti yangu nimkataze fenesi? Na Shangazi nimwambie nini?

Binti wa Muheza

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Sijacheka. Kidogo tu hapo kwenye masikio, kwa sababu nimeuguza watu miaka mingi na wenye shida yako hutaja masikio yale yale, na karibu wote huonyesha kwa kidole cha shahada kwamba hakifiki.

Twende kwanza Göteborg, maana fenesi la Muheza lilianzia huko. Kuna mti una gome jeupe linalobanduka kama karatasi, wenyeji wanauita björk. Umejaa Uswidi nzima, mitaani, viwanjani, msituni. Mwisho wa Aprili na Mei unamwaga chavua, unga mwepesi unaosafiri kwa upepo. (Ule unga wa manjano unaouona juu ya magari mwanzoni mwa Juni mwingi ni wa misonobari, na huo hausumbui sana watu. Wengi huulaumu kwa sababu ndio unaoonekana.) Chavua ya björk ina protini ambayo wanasayansi wameipa jina Bet v 1. Mwaka 1989 wanasayansi wa Austria waliweza kuisoma jeni yake, na tangu hapo imechunguzwa kuliko karibu protini nyingine yoyote ya mzio.

Mgeni anayehamia kaskazini haanzi kupiga chafya mwaka wa kwanza. Mwili huhitaji misimu kadhaa ya kuivuta ile chavua kabla haujaamua kwamba ni adui. Ukishaamua, unatengeneza kingamwili za aina ya IgE zinazoitafuta protini ile tu. Mwaka wa nne, ulivyoandika, ni wa kawaida kabisa. Hayo mafua yako ya Aprili yalikuwa mzio wa chavua tangu siku ya kwanza.

Sasa, tufaha linaingiaje? Bet v 1 ina jamaa zake ndani ya mimea mingi, kundi linaloitwa PR-10. Ni protini ambazo mmea hutumia kujikinga unaposhambuliwa na ukungu au unapojeruhiwa. Tufaha lina yake, pichi lina yake, cheri, pea, karoti, figili ya majani (selari), njugu za Ulaya (hazelnut), soya, wote wamo. Fikiria kanga mbili za doti tofauti zilizochapwa kwa pindo moja: jina la hii linasema hivi, la ile linasema vile. Kingamwili zako hazisomi jina, zinatazama pindo. Zikaona pindo la björk kwenye tufaha, zikapiga kelele kinywani.

Na fenesi nalo limevaa pindo hilo. Hili halijulikani sana, na wala simlaumu yeyote huko Muheza kwa kutolijua, kwa kuwa hata vitabuni limechelewa kuingia. Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi waliandika kuhusu wagonjwa waliodhurika kwa fenesi na wakaonyesha kwamba chanzo ni undugu wa protini yake na Bet v 1. Mfenesi na björk si ukoo mmoja hata kidogo, mmoja ni wa nchi za joto na mwingine wa theluji. Waliokulia kwenye mifenesi hawavuti chavua ya björk, na wanaovuta chavua ya björk wengi wao hawajawahi kuliona fenesi. Kukutana kwa vitu hivyo viwili kulihitaji mtu kama wewe, mwenye pasi yenye mihuri ya pande zote mbili.

Keki ya jirani yako ndiyo iliyonipa uhakika kabla sijamaliza barua. Protini za PR-10 ni dhaifu kwa moto. Zikipata joto zinafumuka, kama ute wa yai unavyobadilika ukaangoni na haurudi tena kuwa maji. Kingamwili hazilioni tena pindo. Ndiyo maana tufaha bichi linakuwasha na la kuokwa halikufanyi kitu. Tindikali ya tumbo nayo inazivunja, kwa hiyo kero huishia kinywani na baada ya muda mfupi hunyamaza. Mwaka 1942 madaktari wawili wa Marekani, Tuft na Blumenstein, walishawaandika watu wa namna hii, wanaodhuriwa na tunda bichi na kulivumilia likipikwa.

Lakini usiku ule haukuishia kwenye kuwasha. Midomo ilivimba na koo likashikwa, na hapo sikubembelezi. Ulikula vipande saba hivi vya haraka, juu ya tumbo lililokaa tupu tangu alfajiri. Wingi una uzito wake, na tumbo tupu hali kadhalika. Nikuulize na jambo ambalo hukuliandika: unameza dawa za kiungulia, zile za kupunguza tindikali kama omeprazole? Tindikali ikipungua, protini inapita bila kuvunjwa. Una pumu? Ulikuwa umetoka kufanya kazi nzito au ulikuwa na homa? Yote hayo yanaweza kulisukuma jambo dogo likawa kubwa.

Kwa hiyo fenesi bichi, namaanisha lililoiva la kula hivi hivi, liache mpaka uonane na daktari. Dada yako mwambie asante. Kula kidogo kidogo ili mwili uzoee ni jambo linalofanywa, lakini hufanywa mbele ya daktari na dawa ikiwa mezani, si ukumbini kwa Shangazi. Na wewe na hao walio karibu nawe mjue dalili za hatari: sauti kubadilika, pumzi kupiga filimbi, vipele kuenea mwilini, kutapika, kizunguzungu, kuzimia. Hapo Piriton haitoshi. Dawa ni adrenalini, sindano ya pajani, na ni hospitali papo hapo. Ukiwa Uswidi ni 112. Nimeona watu wakipoteza dakika ishirini wakitafuta maziwa ya kunywa.

Piga 1177, simu ya ushauri wa afya huko Uswidi, au nenda kituo cha afya cha mtaani kwako, ueleze habari ya Aprili kwanza, ndipo ueleze matunda. Ukianza na fenesi watakutazama tu. Wanaweza kukupima kwa kudunga sindano kwenye tunda lenyewe kisha kuidunga kidogo kwenye ngozi yako, kwa sababu dawa za kupimia za chupani mara nyingi hupoteza hizi protini dhaifu. Wakikupima damu, ujiandae kwa orodha ndefu ya kutisha. Karanga ni mfano mzuri. Karanga nazo zina protini ya pindo lile lile, inaitwa Ara h 8, na damu yako inaweza kuiitikia ingawa umekula mchicha wa karanga maisha yako yote. Ile inayotisha zaidi ni Ara h 2. Muulize daktari ni ipi iliyoitikia kabla hujaenda kumwaga kopo lako la karanga. Kitu unachokila bila taabu, endelea kukila, karatasi iseme isemavyo.

Kimoja tu nakuonya hata kama hujawahi kukigusa: maziwa ya soya na zile poda za protini za soya wanazokoroga vijana wa mazoezi. Mtu mwenye mzio wa björk akinywa glasi nzima kwa mkupuo anaweza kupata shambulio kubwa kuliko la tufaha, na mwaka 2007 taasisi ya serikali ya Ujerumani inayochunguza usalama wa chakula ilitoa onyo kuhusu hilo. Kinywaji hupita kinywani haraka, kero inapoanza glasi imeshakwisha.

Matufaha si yote yanayofanana. Golden Delicious na Granny Smith huwasumbua wengi, na Waholanzi wana aina iitwayo Santana ambayo baadhi ya wenye mzio huivumilia. Kulimenya husaidia kidogo. Mimi ningekula ya jirani ya kuokwa nikaachana na bakuli la kazini.

Embe, papai. Hapa watu huchanganya mambo matatu au manne, nami nitayatenganisha kwa jinsi yanavyojionyesha.

Embe lina utomvu kwenye kikonyo na ganda. Ukilimenya kwa meno, ngozi ya midomo na mashavu inaweza kuchubuka na kutoa malengelenge, lakini hilo huja kesho yake au keshokutwa, si dakika tano baadaye. Ni ngozi iliyoguswa. Menya kwa kisu, osha mikono, kula nyama yake. Wapo wachache wenye mzio wa embe lenyewe kupitia chavua ya magugu fulani ya Ulaya, ila wewe hukuniambia kuwa embe limekuwasha, na Desemba ni msimu wake, kwa hiyo naamini ulikula na hukudhurika.

Nanasi likikuchoma ulimi, linamchoma kila mtu. Lina kimeng'enya kinachokula nyama, pamoja na ukali wake, na bibi zetu walilipaka chumvi kabla hawajajua jina la kimeng'enya.

Papai, ndizi na parachichi vina njia nyingine kabisa, nayo inapitia kwenye kazi yako. Watu wenye mzio wa mpira wa asili, ule wa glovu na maputo, hudhuriwa na matunda hayo kwa sababu utomvu wa mpira una protini zinazofanana na zao. Siku hizi hospitali nyingi zimehamia glovu za aina nyingine. Wewe tazama boksi la kazini limeandikwaje, na ujikumbushe kama viganja vimewahi kukuwasha baada ya zamu, au midomo ulipompulizia mtoto puto. Kama hapana, kula papai lako.

Binti yako. Mtoto harithi mzio wa fenesi. Anachoweza kurithi ni mwili mwepesi wa mizio, na ukweli ni kwamba anakulia chini ya miti ya björk, kwa hiyo akianza chafya za Aprili mpeleke akaangaliwe. Kumnyima matunda leo hakumkingi na kitu. Mpe fenesi, mpe na tufaha.

Utasikia pia habari ya tiba ya sindano au vidonge vya chavua, ya miaka mitatu hivi. Kwa pua na macho inafaa sana. Kwa tufaha wengine hupata nafuu, wengine hawapati, basi usiikubali kwa ajili ya fenesi peke yake.

Nimebakisha Shangazi, na barua yako niliirudia mara tatu kwa ajili yake. Wewe unadhani ameumia kwa kuwa umekataa fenesi. Hebu soma ulivyoandika. Mwanamke amelivika tunda gunia juu ya mti kwa ajili yako. Amelipasua mbele ya watu. Wewe umelitema, na ukamuuliza, "Mmelitia dawa?"

Kichwani mwako dawa ilikuwa ile ya kupulizia, ya dukani Göteborg, uliyokuwa ukiilaumu kwa matufaha tangu mwaka juzi. Ukumbini Muheza, baada ya magharibi, mbele ya mama mdogo na mjomba, dawa ni nini? Mfenesi wa uani kwa Shangazi nani ameupulizia dawa ya wadudu lini? Kila aliyekuwa pale alisikia neno la pili. Umemuuliza mama yako wa kulea kama amekulisha uchawi, na ukaondoka na ndege bila kulifuta. Hilo la "vya kwetu havimpandi" ni maneno laini mno kwa aliyeambiwa vile. Na mama mdogo anayesema jicho ameongeza chumvi kwenye kidonda kile kile, maana macho yaliyokuwepo ni yao.

Usimtumie maelezo kwa maandishi. Usimwambie protini, wala usimtumie kiungo cha kusoma. Mpigie Ijumaa baada ya alasiri, na akimpa mtu mwingine simu, mwambie huyo mtu, "Nimepiga kuomba radhi, nitasubiri." Subiri kweli. Akija, anza na neno lenyewe: ulikusudia dawa ya wadudu ya wakulima, umegundua jinsi lilivyosikika, na unaona haya. Ulisema mbele ya watu, kwa hiyo muombe ruhusa uliseme tena mbele ya watu hao hao, simu ikiwekwa sauti ya juu. Mama mdogo awepo.

Ndipo umweleze habari ya mti mweupe wa Uswidi na pindo la kanga. Ataelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa, yeye ana doti ngapi sandukuni?

Kisha muombe kitu. Wapo wanaolipika fenesi changa kwa tui na bizari kama mboga. Daktari akishakupima na akakuruhusu, mwanzo ni kijiko kimoja, mchana, kilichoiva kabisa motoni, na mtu yupo karibu. Göteborg kwenye maduka ya Waasia kuna ya makopo ambayo mengi yameshachemshwa kiwandani, unaweza kumwonyesha daktari kopo na kuanza nalo huko huko. Lakini Shangazi mwambie kwamba safari ijayo lako asilivike gunia. Alikate lingali changa, na wewe utakuna nazi.

Lililoiva apasuliwe mjukuu wake.